Kujipima Korona kabla ya familia kukutana sikukuu: nani apime, lini, na majibu yasomwe vipi

Kipimo cha haraka cha Korona hujibu swali moja tu: je, saa hii puani mwako mna virusi vingi kiasi cha kuonekana? Hakikuambii kama uliambukizwa juzi, wala hakikuhakikishii kuwa kesho utaamka mzima. Wengi wanaopeleka virusi kwenye mkusanyiko wa familia ilhali walijipima hawakukosea kuzungusha kijiti. Walikosea siku. Mtu anajipima Jumatano, anapata hasi, anafunga mizigo kwa amani, na Jumamosi anamkumbatia bibi akiwa na virusi ambavyo Jumatano vilikuwa havijafika puani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu saa na siku. Mambo ya pua yatafuata.

Je, kuna haja ya kupima?

Anza na orodha ya watakaokuwepo. Haja ni kubwa ikiwa humo kuna mtu wa miaka 65 au zaidi, mjamzito, mwenye kisukari, mwenye maradhi ya moyo, figo au mapafu, anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa kiungo au anayemeza dawa za kushusha kinga. Mwongeze mtoto mchanga. Chanjo za Korona na za influenza hazitolewi kabla ya miezi 6, kwa hiyo kinga ya mtoto wa umri huo ni ile aliyopewa na mama yake pamoja na tahadhari ya wanaombeba.

Kisha angalia idadi. Tuseme katika jamii yenu mtu 1 kati ya 100 ana virusi wiki hiyo. Mkikutana watu 20 waliotoka nyumba tofauti, uwezekano wa angalau mmoja wenu kuwa navyo ni kama asilimia 18. Ikiwa ni 1 kati ya 50, unapanda hadi asilimia 33. Ndiyo maana mkusanyiko mkubwa haufanani na chakula cha jioni cha watu wanne, hata kama kila mgeni anajiona mzima.

Mkiwa wachache, wenye afya, na mnakaa nje uwanjani, kupima ni hiari na hakuna sababu ya kulaumiana. Bali mkilala nyumba moja siku tatu, madirisha yamefungwa, na babu anatumia mashine ya oksijeni, kila anayeingia apime.

Kuna kundi moja ambalo swali lake limeshajibiwa kabla ya kufungua boksi: wenye dalili. Ukiwa na homa, kikohozi, koo linalowasha au mafua yaliyoanza jana, usiende, hata kipimo kikisema hasi. Kipimo cha Korona peke yake hakioni influenza wala RSV (kirusi kinachoshambulia njia ya hewa na mapafu), na RSV kwa mtoto wa miezi miwili si mafua ya kawaida. Inaweza kumlaza hospitali. Vipo vipimo vya pamoja vinavyosoma Korona na influenza A na B kwenye kadi moja, na ukivipata ni vizuri zaidi, lakini navyo haviondoi virusi vingine vya mafua. Kikohozi chenye majibu hasi bado ni kikohozi.

Kipimo kipi

PCR, kipimo cha maabara, hukuza chembe za urithi za kirusi mpaka zionekane, kwa hiyo hunasa hata kiasi kidogo sana. Tatizo lake kwa shughuli hii ni mawili. Kwanza, majibu yakichelewa siku mbili yanakueleza pua yako ya juzi. Pili, inaweza kuendelea kuokota masalia ya virusi vilivyokufa kwa wiki nyingi, mara nyingine hadi siku 90 baada ya kuugua. Aliyeugua mwezi uliopita akipima PCR anaweza kukosa sikukuu bila sababu yoyote.

Kipimo cha antijeni, kile cha kujipimia nyumbani, hutafuta protini ya kirusi. Kinahitaji virusi vingi ili kionyeshe mstari, na hapo ndipo kinapofaa na ndipo kinapopunguka. Kinafaa kwa sababu mwenye virusi vingi puani ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuambukiza. Kinapunguka kwa sababu mwanzoni mwa maambukizi virusi bado ni vichache. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2022, vipimo hivi vilinasa wastani wa watu 73 kati ya 100 wenye maambukizi na dalili, lakini 55 tu kati ya 100 wasio na dalili. Si wote waliopitwa walikuwa hatari, maana baadhi ni hao wenye masalia tu. Hata hivyo, asiye na dalili akipima mara moja na kupata hasi asijione ana cheti.

Dawa ya upungufu huo ni kurudia. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilishauri hivi: mwenye dalili akipata hasi arudie baada ya saa 48, yaani vipimo 2, asiye na dalili ila anahisi alikutana na mgonjwa apime mara 3, kila kimoja kikipishana na kingine saa 48. Virusi huongezeka kwa kasi sana, na kilichofichika leo kinaweza kuonekana wazi baada ya siku mbili.

Panga siku kwa kuhesabu kurudi nyuma

Chukua saa ya kukutana, kisha rudi nyuma. Tuseme ni Jumamosi mchana.

Ukiwa na vipimo vitatu: Jumanne asubuhi, Alhamisi asubuhi, Jumamosi asubuhi.
Ukiwa na viwili: Alhamisi na Jumamosi.
Ukiwa na kimoja: kiache mpaka Jumamosi, ujipime saa moja au mbili kabla ya kuingia kwenye nyumba ya watu.

Hicho cha mwisho ndicho watu hushindwa kukivumilia. Wanataka kujua mapema ili wasiharibu mipango, basi wanakitumia Alhamisi. Inaeleweka, ila kipimo cha Alhamisi kinakinga Alhamisi. Kama una kimoja na safari ni ndefu, chagua kwa kumfikiria aliye dhaifu zaidi: akiwa yuko mwisho wa safari, jipime ukifika, kabla ya kuvuka kizingiti, na uwe na barakoa njiani. Ukiwa na viwili, kimoja kabla ya kuondoka na kimoja ukifika.

Safari yenyewe ni kukutana na watu. Uliyebanana na abiria kwa muda wa saa sita siku ya Ijumaa, hasi ya Jumamosi haijasema lolote kuhusu basi hilo. Kwa virusi vya Korona vya jamii ya Omicron, dalili mara nyingi huanza siku 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mtu anaweza kuambukiza wengine siku 1 au 2 kabla ya dalili. Mkikaa pamoja siku kadhaa, bakiza kipimo cha siku ya tatu. Hicho ndicho kinachoweza kukamata ya njiani.

Ukijua kwamba ulikaa na mgonjwa, siku mliyokutana ni siku ya 0. Hesabu siku 5 kamili ndipo upime, isipokuwa dalili zikitokea mapema. Hapo pima mara moja. Ulikaa naye Jumatano na sherehe ni Jumamosi? Hasi ya Jumamosi haina uzito. Heri uahirishe, au ukae nje na barakoa na usimkaribie mzee.

Kujipima, hatua kwa hatua

Soma kwanza karatasi iliyomo ndani ya boksi lako. Idadi ya matone na dakika za kusubiri hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na yaliyoandikwa pale ndiyo ya kufuata.

1. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi. Baadhi ya watengenezaji waliongeza muda baada ya boksi kuchapishwa, kwa hiyo angalia tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutupa. Vingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Gari lililoegeshwa juani hupita kiwango hicho upesi, na boksi lililoganda kwa baridi nalo si la kuaminika. Kama lilikuwa mahali pa baridi, liache chumbani nusu saa.

2. Penga kamasi, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 na uikaushe. Kamasi nzito hufunika ngozi unayotaka kuisugua, na mikono yenye maji hulowesha kadi.

3. Andaa kila kitu mezani: kichupa chenye maji ya kipimo, kifuniko chake chenye tundu, kijiti, na saa ya kuhesabia dakika. Pakiti ya kadi ifungue mwisho kabisa. Kadi hunyonya unyevu wa hewa, na iliyokaa wazi muda mrefu hutoa mistari isiyoeleweka.

4. Ingiza kijiti puani kiasi cha sentimita 1.5 hadi 2 kwa mtu mzima. Hakifiki kwenye ubongo na hakitakiwi kufika karibu na huko. Kigusishe ukuta wa pua na ukizungushe polepole angalau mara 5, ukitumia kama sekunde 15. Kijiti hichohicho kihamishie tundu la pili, ufanye vilevile. Hapa ndipo kosa kubwa la mkono hutokea: mtu anazungusha kijiti katikati ya tundu bila kugusa chochote, na mwishowe amepima hewa. Unapaswa kuhisi kusuguliwa, na kupiga chafya baada ya hapo ni kawaida. Usichukue sampuli ya kooni kama maelekezo ya kipimo chako hayasemi hivyo.

5. Zamisha kijiti kwenye maji ya kichupa mara moja. Kikoroge kwa muda ulioandikwa, huku ukiminya kuta za kichupa kwa vidole ili pamba itoe ilichobeba. Unapokitoa, endelea kuminya. Kijiti kinachotoka kimejaa maji kimeondoka na sampuli yako.

6. Funga kifuniko, shika kichupa wima juu ya kadi iliyolala bapa, na udondoshe matone kamili yaliyotajwa, mara nyingi 3 au 4. Tone lenye povu lihesabu si tone. Yakipungua, maji hayatafika mwisho wa kadi. Yakizidi, dirisha hufurika na rangi husambaa.

7. Washa saa na usiiguse kadi.

Ukikaa ukiitazama utaona wekundu hafifu ukitambaa kutoka upande wa tone, ukipanda kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Hupita kwanza mahali pa herufi T (mstari wa virusi), ndipo ufike C (mstari wa kuthibitisha kuwa kadi imefanya kazi). Kwa hiyo mwenye virusi vingi anaweza kuona mstari wa T ukijitokeza ndani ya dakika chache, kabla hata C haijatulia. Hiyo ni chanya yenye nguvu. Kinyume chake si kweli: C ikitokea peke yake dakika ya tatu, usitangaze hasi. Mstari hafifu wa T unaweza kuhitaji dakika zote za kusubiri, mara nyingi 15.

Kwa mtoto, mwingine amfanyie, kijiti kiingie kidogo zaidi kulingana na maelekezo ya umri wake, na vichupa visiachwe mezani. Maji yale huweza kuwa na kemikali zinazowasha macho na zisizofaa kumezwa.

Kusoma mistari

C peke yake ni hasi, kwa saa hiyo. C na T ni chanya, na hapa hakuna mjadala wa rangi: T iliyopauka, iliyokatika upande, inayoonekana ukiinamisha kadi kwenye mwanga, ilimradi imetokea ndani ya muda, ni chanya. Ulifika sikukuu na mstari hafifu, na mjomba anasema "huo si mstari"? Ni mstari. T bila C, au dirisha tupu, ni kipimo kilichoharibika, chukua kingine.

Piga picha kadi ikifika muda wake, kisha itupe. Kadi iliyosomwa baada ya saa mbili inaweza kuota kivuli mahali pa T kwa sababu ya kukauka, na watu wengi wameogopa bure kwa kuitoa kwenye pipa la taka asubuhi yake. Chanjo haileti mstari wa T. Soda au maji ya matunda yakidondoshwa moja kwa moja kwenye kadi huweza kuuleta, maana asidi huvuruga kadi. Wanafunzi wa Uingereza waliisambaza mbinu hiyo mwaka 2021, hivyo kijana asiyetaka kwenda kwa shangazi apime mbele yako.

Ikiwa ni chanya

Usiende. Kama una dalili, au ulikaa na mgonjwa, huna haja ya kutafuta kipimo cha pili cha kukufariji. Kama huna dalili kabisa na maambukizi ni machache pale ulipo, kurudia kuna maana. Katika tafiti zile za Cochrane, kati ya watu 1,000 wasio na virusi, kama 4 walipata chanya ya uongo. Sasa, ikiwa kati ya watu 1,000 wenye virusi ni 5 tu, kipimo kitanasa kama 3 wa kweli na kuongeza 4 wa uongo. Rudia kwa kipimo cha kampuni nyingine, au PCR, na usiende popote mpaka ujue.

Waarifu uliokaa nao ndani ya siku 2 zilizopita. Kujitenga kunategemea kanuni za unakoishi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Januari 2023 ulitaja siku 10 tangu dalili zianze, au siku 5 kwa asiye na dalili, na kuruhusu kutoka mapema kwa aliyepata hasi ya antijeni. Marekani tangu Machi 2024 husema ukae nyumbani mpaka zipite saa 24 homa ikiwa imeisha bila dawa na hali inaimarika, kisha siku 5 za tahadhari. Kwa kwenda kumwona mgonjwa wa saratani, usichukue kanuni iliyo fupi zaidi.

Mwenye hatari kubwa akipata chanya ampigie daktari siku hiyohiyo. Vidonge vya kutibu Korona vya nirmatrelvir na ritonavir huanzwa ndani ya siku 5 za dalili, na vinagongana na dawa kadhaa za kawaida, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli, kwa hiyo ataje kila anachomeza. Kwa influenza muda ni mfupi zaidi: dawa yake, oseltamivir, hufanya kazi vyema ikianzwa ndani ya saa 48.

Ikiwa ni hasi

Nenda, ila fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Mzee akae upande hewa safi inakoingilia, mbali na kona isiyo na upepo. Aliyesafiri safari ndefu avae barakoa ya N95 au FFP2 anapomhudumia mwenye kinga dhaifu. Chanjo iliyochomwa juzi haijawa kinga bado. Mwili huhitaji kama wiki 2.

Kuwaambia jamaa

Ujumbe utumwe wiki moja kabla, na uwe na saa ndani yake. "Tafadhali tujipime" huzaa vipimo vya Jumatano. Mfano:

"Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa wote. Jumamosi tunakutana, na tutakuwa na wazee na mtoto mchanga. Tunaomba kila anayekuja ajipime asubuhi hiyohiyo kabla ya kutoka, atume picha ya kadi hapa. Mwenye homa, kikohozi au mafua apumzike nyumbani hata akipata hasi, tutampigia simu ya video. Asiye na kipimo aseme mapema, vipo vya ziada."

Usitaje ugonjwa wa mtu kwenye kundi bila ruhusa yake. "Wazee na mtoto mchanga" inatosha. Na vipimo vya ziada viwepo kweli. Mwenyeji aweke viwili au vitatu nje, barazani, kwa watakaofika bila kujipima, kwa kuwa ni vigumu zaidi kumrudisha mtu aliyeshaketi sebuleni kuliko aliye mlangoni na mkoba wake.

Mkishatawanyika, mmoja wenu akiugua ndani ya siku tano, atangaze kundini siku hiyohiyo na ataje tarehe aliyoanza kuumwa. Kwa wengine siku ya mkusanyiko ndiyo siku ya 0: wapime baada ya siku 5 kamili, au mapema dalili zikianza. Wenye hatari kubwa wawaarifu madaktari wao mara moja, bila kusubiri siku hizo.